Malaika, Mahari na Meza ya Bwana

Mzee huyu nilimfahamu kwa mluzi kabla sijamfahamu kwa jina. Kila asubuhi wakati wa mavuno alipita nyuma ya nyumba ya mchungaji, akitoka mashamba ya mpunga kule mbugani, akisukuma baiskeli yenye gunia. Kila alipopita alipiga mluzi wimbo mmoja tu, "Malaika". Hakuumaliza hata siku moja. Alifika mahali fulani katikati, pale kijana anapokiri kwamba hana mali ya kumwolea mpenzi wake, akakatisha. Baada ya muda nilimsikia ng'ambo ya reli akianza upya.

Nilikuwa bado mgeni Bahi. Wimbo niliujua kama Watanzania wote wanavyoujua. Nimeusikia harusini, nimeusikia redioni kwenye vipindi vya zilipendwa, nimeusikia ukiimbiwa watalii hotelini. Lakini sikuwahi kuusikiliza. Kuna maneno ambayo mtu akiyasikia mno hayasikii tena. Sisi wachungaji tunalijua jambo hili vizuri, maana linatupata hata kwa Injili.

Baadaye mzee alikuja ofisini kwangu pamoja na mkewe. Nimepewa ruhusa na wote wawili kuyaandika haya, ila majina yao nayaacha. Tulisalimiana Kigogo, mbukwenyi, mbukwenyi, nikawakaribisha viti. Mama akakaa, mzee akabaki amesimama, kofia mkononi.

"Mchungaji," akasema, "tumezeeka. Tunaomba ndoa yetu ibarikiwe, ili tushiriki Chakula cha Bwana kabla hatujafa."

Nilishangaa, kwa sababu niliwadhania kuwa ni wana ndoa wa siku nyingi. Walikuwa wameishi pamoja miaka 38. Watoto wao wote walibatizwa katika usharika huu huu. Mama ndiye aliyefagia kanisa kila Ijumaa, na mzee alitoa gunia la kwanza la mavuno yake kila mwaka bila kukumbushwa. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba kila Jumapili ya Meza ya Bwana niliwaona kwenye benchi la mwisho karibu na mlango, na watu walipoanza kwenda mbele, wao walitoka nje taratibu.

Sababu ilikuwa mahari. Baba mkwe alitaja ng'ombe 12. Kijana yule akatoa watano, akaahidi wengine mvua zikiwa nzuri. Mvua hazikuwa nzuri. Ukame ukaja, zizi likabaki mavi makavu na kwato. Baba mkwe akasema binti yake abaki huko alikokwenda, maana tayari ana mimba, lakini yeye hataenda kanisani kumtoa mpaka ng'ombe watimie. Akafa bila kubadili neno. Wanawe wakarithi shamba, na pamoja na shamba wakarithi deni la ng'ombe saba.

Niliwasikiliza, nikafungua Biblia. Niliwasomea Mathayo 5, pale Bwana anapomwambia mtu aiache sadaka yake mbele ya madhabahu, aende kwanza akapatane na ndugu yake. Nikawaambia kwa upole, au kwa kitu nilichokiita upole, "Nendeni mkamalize kwanza mambo ya nyumbani. Mkirudi na neno la shemeji zenu, mimi nipo tayari."

Mzee akashukuru. Alipofika mlangoni akageuka.

"Mchungaji, hilo ndilo neno wanaloniambia shemeji zangu. Nilidhani hapa nitasikia lingine."

Hakusema kwa hasira. Angekuwa na hasira ningepata pa kujificha.

Usiku ule sikulala mapema. Nilikuwa na mluzi wake masikioni, nikachukua simu nikautafuta ule wimbo. Nilitaka, kwa mara ya kwanza, kusikiliza unasema nini.

Aliyeufanya ujulikane Afrika Mashariki ni Fadhili William, Mkenya wa Taita, aliyeurekodi na kundi la Jambo Boys mwaka 1960. Lakini kuhusu nani aliutunga, ubishi haujaisha mpaka leo. Mtanzania Adam Salim alidai kwamba aliutunga yeye mwaka 1945, kwa ajili ya msichana aliyempenda ambaye wazazi hawakukubali amwoe. Wapo na wengine waliotajwa. Sitaki kuamua kesi ambayo wakubwa wameishindwa. Ninachokiona ni kwamba wimbo wa mtu asiye na kitu umegombaniwa na watu wengi, labda kwa sababu kila aliyeusikia alidhani ni habari yake mwenyewe.

Habari yenyewe ni fupi. Kijana anampenda binti, anamwita malaika. Anatamani kumwoa. Kinachomzuia si binti, wala si upendo kupungua, ni mfuko mtupu. Basi. Hakuna ubeti ambao fedha inapatikana. Hakuna mjomba anayekuja na ng'ombe. Wimbo unakwisha kijana akiwa maskini vilevile kama ulivyoanza.

Nikasikiliza na wale walioupokea baadaye. Miriam Makeba aliuimba pamoja na Harry Belafonte katika santuri yao ya mwaka 1965. Bendi ya vijana wa Sweden, Hep Stars, ambamo alikuwamo Benny Andersson wa ABBA ya baadaye, iliurekodi mwaka 1967. Mwaka 1981 Boney M wakaupigia ngoma za disko. Angélique Kidjo wa Benin aliuweka katika albamu yake Logozo ya mwaka 1991. Kila mmoja aliuvika nguo zake. Fadhili anaimba kama mtu anayeongea na binti dirishani, gitaa likimsindikiza polepole. Boney M wanacheza. Kidjo anauimba kwa sauti inayokaribia kuwa sala.

Aliyenizuia kuzima simu ni Makeba. Mwaka 1960 alitaka kurudi Afrika Kusini kumzika mama yake, akakuta pasipoti yake imefutwa. Hakukanyaga tena kwao mpaka mwaka 1990. Miaka hiyo yote alikuwa ni mtu anayekipenda kitu asichoruhusiwa kukifikia. Anapoimba maneno ya kijana wa Kiswahili aliyekosa mahari, mimi nasikia mtu aliyesimama nje ya mlango wa kwao.

Nikamkumbuka mzee na mkewe wakitoka nje taratibu, watu wakielekea madhabahuni.

Nikaona jambo lingine. Katika wimbo ule malaika hajibu. Tunajua kila kinachomsumbua kijana, lakini yeye binti anaonaje? Hakuna aliyemwuliza. Na mimi pale ofisini sikuwa nimemwuliza mama hata swali moja. Alikaa kwenye kiti changu nusu saa nzima nikizungumza na kofia ya mumewe.

Biblia inalijua sana tatizo hili la kijana asiye na mali. Yakobo alifika kwa Labani mikono mitupu. Baadaye mwenyewe anakiri katika Mwanzo 32 kwamba alivuka Yordani akiwa na fimbo tu. Hakuwa na mahari, akatoa miaka. Alitumika miaka saba kwa ajili ya Raheli, nayo ikawa kwake kama siku chache, kwa jinsi alivyompenda. Tumehubiri sana juu ya aya hiyo kwenye harusi. Lakini ni mara ngapi tumehubiri Mwanzo 31? Pale mabinti wenyewe, Raheli na Lea, wanapata nafasi ya kusema, na wanachosema si kitamu. Wanalalamika kwamba baba yao amewauza, na fedha iliyotokana nao ameila. Malaika, alipojibu, alijibu hivyo.

Siku ya pili yake nilipanda pikipiki nikaenda nyumbani kwao. Mzee alikuwa shambani, na sikusikitika. Mama alinipa kigoda chini ya mgunga, akaendelea kupepeta uwele. Nikamwambia, "Mama, jana sikukuuliza neno. Leo nimekuja kukuuliza wewe."

Alipepeta kwa muda. Kisha akasema, "Mchungaji, mwenzangu anasema ana deni. Yeye ana deni, mimi ndilo deni. Ndugu zangu wakiniona njiani wanaona ng'ombe saba. Miaka 38 nimetembea hivyo. Nilidhani nikifika mezani kwa Bwana nitakuwa mtu."

Sikuwa na Biblia mkononi siku hiyo, na nilifurahi kutokuwa nayo, kwa maana ningeifungua haraka ili nisimtazame.

Nilipokuwa chuo cha theolojia Makumira tulisomeshwa kitabu kidogo cha Luther cha mwaka 1520 juu ya uhuru wa Mkristo. Nilikifanyia mtihani nikapata alama nzuri. Humo Luther anaieleza imani kwa mfano wa pete ya arusi. Anasema Kristo ni bwana arusi tajiri, naye anamwoa mwanamke maskini asiye na jina zuri, mwenye madeni pande zote. Katika ndoa mali huwa ya wote wawili. Basi deni la bibi arusi linakuwa la bwana arusi, na utajiri wa bwana arusi unakuwa wa bibi arusi. Dhambi yetu inamwangukia yeye, haki yake inatuangukia sisi. Luther anaita badiliko hilo la furaha.

Nikiwa njiani kurudi, vumbi la barabara likiniingia machoni, nililiona jambo ambalo mtihani haukuwa umenifundisha. Injili ni wimbo ule ule uliogeuzwa. Katika wimbo, anayependa hana mali, kwa hiyo hawezi kuoa. Katika Injili, anayependa ana vyote, na anayependwa hana chochote, na ndoa inafungwa. Katekisimo Ndogo tunayowakaririsha watoto wa kipaimara inasema hilo katika maelezo ya sehemu ya pili ya Imani, ikimfuata mtume Petro katika waraka wake wa kwanza, kwamba tumenunuliwa si kwa fedha wala kwa dhahabu, bali kwa damu ya Kristo. Mahari imelipwa. Imelipwa na bwana arusi mwenyewe, tena kwa bei ambayo hakuna zizi la Ugogo lingeifikia.

Basi mimi nilikuwa nani, kusimama mlangoni mwa arusi hiyo nikiwadai watu ng'ombe saba?

Naomba nisieleweke vibaya. Sisemi mahari ni kitu kibaya. Mimi mwenyewe nilitoa, na nikiwa na binti wa kuolewa nitapokea. Katika Ugogo ng'ombe wa mahari hawaingii katika zizi moja. Hugawanywa kwa ndugu wa upande wa baba na wa upande wa mama, na kila anayepokea anakuwa shahidi na mlinzi wa ile ndoa. Ni heshima, ni undugu, ni njia ya wazee wetu ya kusema kwamba binti hakuokotwa njiani. Shida inaanza pale heshima inapogeuka kuwa bei, na inazidi pale kanisa linapojiunga na foleni ya wadai.

Nilikwenda kwa shemeji mkubwa pamoja na mzee mmoja wa kanisa. Nilikuwa nimejiandaa kumhubiria juu ya msamaha, habari ya yule mtumwa wa Mathayo 18 aliyesamehewa deni kubwa akamkaba mwenzake kwa deni dogo. Alitupokea vizuri, akatupa togwa, akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema:

"Mchungaji, umesema vyema. Lakini wale ng'ombe hawakuwa wangu. Mjomba alikuwa na wake mmoja. Shangazi alikuwa na wake. Watoto wao wapo, wanajua. Nikisema nimesamehe, nitakuwa nimesamehe kwa mfuko wa wengine. Huo ndio msamaha unaouhubiri?"

Nakiri kwamba sikuwa na jibu. Mzee wa kanisa akakohoa. Nilikuwa nimekuja kumfundisha mtu ambaye alilielewa jambo lake kuliko mimi. Mwishowe nikasema tu lililokuwa moyoni: "Baba, basi sikuombi ufute deni. Hayo ni ya ukoo wenu na mtayamaliza ninyi. Nimekuja kukuambia kwamba kanisa halitakuwa tena mdai mwenzenu. Dada yako na mumewe tutawabariki, na watakula mezani kwa Bwana."

Alinitazama muda mrefu. "Hilo ni lenu," akasema. Kisha akaongeza, "Mngelisema zamani."

Baraza la wazee halikuwa rahisi pia. Mzee mmoja ninayemheshimu alisema, "Baba Mchungaji, tukifanya hivi vijana watasema kanisa limefuta mahari. Watachukua mabinti za watu bure." Alikuwa na haki ya kuogopa. Tulizungumza mpaka taa ikawashwa. Tukakubaliana kwamba ndoa itabarikiwa, na kwamba siku ya kutangaza nitaeleza wazi kuwa deni la ukoo linabaki kuwa la ukoo, wala hakuna kijana atakayelitumia tangazo hilo kama ng'ombe wake. Watu walicheka Jumapili ile nilipoyasema. Lakini vijana wawili walinifuata baada ya ibada. Wao pia walikuwa wakiishi na wenzao kwa sababu hiyo hiyo, na walikuwa wameacha kuja kanisani kabisa, maana waliona afadhali kukaa nyumbani kuliko kukaa benchi la mwisho.

Ikabaki habari ya wimbo. Watoto wa wazee hawa walikuja kutoka Dodoma na Dar es Salaam, wakaomba kwamba kwaya iimbe "Malaika" siku ya baraka. Kiongozi wa kwaya akakataa katakata. Akasema ni wimbo wa dunia, na kwamba leo ukiruhusu huu kesho wataomba wa kilabuni.

Nilimweleza habari niliyoipata kwa mwalimu wetu wa nyimbo za kanisa. Mwaka 1601 Mjerumani Hans Leo Hassler alitoa wimbo wa mapenzi, wa mtu aliyevurugwa akili na binti. Ulikuwa wa dunia kama huu wetu. Tuni yake ikapendwa, ikaingia katika nyimbo za kanisa. Mwaka 1656 tuni hiyo ilikuwa imekwisha kupata maneno ya Paul Gerhardt juu ya kichwa cha Yesu kilichojaa damu na majeraha. Bach akaitumia tena na tena katika kuimba Mateso kwa Injili ya Mathayo. Mpaka leo Walutheri duniani kote wanaimba tuni hiyo Ijumaa Kuu wakitokwa na machozi, na hawajui kwamba ilianza kwa kijana aliyependa. Tuni haikubatizwa siku moja. Watu waliipokea, wakaibeba, kila kizazi kikaweka ndani yake uchungu wake, mpaka ikaweza kubeba uchungu wa Bwana.

Kiongozi wa kwaya akasema, "Sawa, Mchungaji. Lakini yule alibadilisha maneno." Alikuwa na hoja. Tukapatana hivi: ndani ya ibada tutaimba kutoka kitabu chetu cha nyimbo. Nje, wakati wa chakula, kila mtu na wimbo wake.

Ibada ilikuwa Jumamosi. Mzee alivaa koti la mwanawe, mikono ikimzidi. Nilipowauliza maswali ya agano, yeye alijibu kwa sauti ndogo, mama akajibu mpaka walio nje wakasikia. Nilipogeuka kuwatazama washarika nilimwona shemeji mkubwa. Alikuwa amekuja peke yake, amekaa benchi la mwisho, karibu na mlango.

Baada ya wali na nyama, watoto wakaanza kuimba "Malaika" chini ya mti, na mzee akiwafuata kwa mluzi. Walipofika pale mahali pa kukosa mali akakatisha, kama kawaida yake. Watoto nao wakalegea, wakidhani kuna kosa. Ndipo mama akaudaka wimbo. Hakusimama. Aliimba akiwa amekaa kwenye mkeka, sahani mapajani, sauti ya mtu aliyechoka na kushiba. Akapita pale mahali, akaenda mpaka mwisho. Maneno yalikuwa yale yale ya kijana, lakini yakitoka kinywani mwake yalisema kitu kingine. Miaka yote malaika alikuwa amenyamaza. Sasa alikuwa anaimba.

Mwezi uliofuata walikuja mbele madhabahuni. Nimetoa mkate na divai kwa watu wengi, na nisiseme uongo, zipo Jumapili ambazo mikono yangu inafanya kazi na akili iko kwenye mahesabu ya usharika. Siku hiyo haikuwa hivyo. Mama alipokea kwa mikono miwili, kama tunavyopokea kitu kutoka kwa mkubwa. Mzee alisahau kusema amina, akanikumbuka nikiwa nimekwisha kupita, akaisema mgongoni mwangu.

Mavuno yaliyofuata alimpelekea shemeji yake mtamba mmoja. Wamebaki sita. Huenda hawataisha, na hilo sasa linawahusu wao na mvua.

Baiskeli bado inapita nyuma ya nyumba yangu asubuhi, na mluzi bado unakatika pale pale. Nilikuwa nimekwisha kuuhubiria ule ukimya. Nilisema katika semina moja ya wachungaji kwamba mzee wetu anakatisha mahali ambapo jeraha lake lipo. Siku moja nikaona afadhali nimwulize mwenyewe. Akacheka mpaka akaegemea baiskeli. "Mchungaji! Hapo ndipo ninapopanda tuta la reli. Gunia lina kilo mia. Pumzi inakwisha."

"Na siku ile ya baraka, chini ya mti?"

Akafikiri kidogo. "Mazoea," akasema, akashika usukani akaendelea.

Nimeyaandika haya kwa sababu najua Bahi si peke yake. Mpendwa msomaji, katika usharika wako lipo benchi la mwisho, na wapo wanaotoka nje taratibu watu wanapoelekea mbele. Wengine wana makosa ya kweli, na neno la toba ni lao kama lilivyo letu. Lakini wengine wamezuiwa na umaskini tu, na sisi tumeuita umaskini wao dhambi kwa sababu hatukuuliza. Nenda ukawaulize. Muulize na yule ambaye katika habari nzima hajapewa nafasi ya kusema. Ukiogopa kwamba utaipunguza heshima ya Meza ya Bwana, kumbuka kwamba wewe nawe uliketi hapo bila kulipa kitu. Bwana arusi alikwisha kulipa.